Mfumo endeshi kwa kompyuta kuukuu: nilivyochagua

Anayetafuta mfumo mwepesi kwa kompyuta ya zamani huanza kwa kulinganisha majina: Puppy, antiX, Lubuntu, Tiny Core, yote matoleo ya Linux, mfumo endeshi wa bure. Mimi huanza na prosesa (ubongo wa kompyuta), maana ndiyo inayoamua mfumo gani utawaka na gani hautawaka. Mashine nilizozishughulikia zilikuwa za mtumba, za aina mbili: Dell OptiPlex 755 zenye Core 2 Duo na RAM ya GB 2, na vilaptopu vya inchi 10 vyenye Atom N270 na RAM ya GB 1.

Washa mashine kwa flashi yoyote ya Linux, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `lscpu`. Tazama mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukiona 32-bit na 64-bit (ukubwa wa vipande vya data ambavyo prosesa huvishughulikia kwa mara moja) kwa pamoja, umepona: ndivyo ilivyo kwa Core 2 Duo. Atom N270 inaonyesha 32-bit peke yake, na hapo uwanja umekuwa mdogo sana. Lubuntu iliacha biti 32 kuanzia toleo la 19.04. Debian 13, toleo la Linux lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 32. Firefox nayo iliacha Linux ya biti 32 kuanzia toleo la 145. Tawi la mwisho kwa mashine hizo ni ESR 140 (ESR ni Firefox inayosasishwa kwa muda mrefu). Ndiyo maana sikubaliani na wanaoweka mfumo wa biti 32 kwenye mashine ya biti 64 eti kuokoa RAM. Unachookoa ni kidogo, unachopoteza ni masasisho.

Core 2 Duo nayo ina mpaka wake. Haina maagizo ya SSE4.2 na POPCNT, ambayo prosesa za baadaye zinayo, kwa hiyo AlmaLinux 9 (Linux nyingine) haiikubali, na Windows 11 toleo la 24H2 haiwaki hata ukikwepa ukaguzi wake wa mashine.

Kwa OptiPlex nilichagua Debian 13 na eneo-kazi (madirisha na menyu unazoziona) jepesi la LXQt. Lubuntu hutumia LXQt hiyohiyo, lakini Firefox yake huja kama snap (furushi lililobanwa lenye programu na vyote inavyohitaji), na snap kwenye diski ya kuzunguka hukufanya usubiri mno kila unapoifungua mara ya kwanza. Firefox ESR ya Debian ni pakeji ya kawaida. Puppy ni hodari wa kufufua mashine na kuokoa mafaili, ila kwa kawaida hukuendesha kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), na ukiitumia kwa mtindo wake wa kawaida kazi ya kikao inaweza kubaki kwenye RAM hadi ihifadhiwe. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika imekwenda.

Kuandika flashi: `lsblk` kwanza ujue flashi ni ipi, kisha `dd if=debian.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress`, halafu `sync`. Hiyo sdX ibadilishe kwa herufi sahihi. Ukikosea herufi moja umefuta diski kuu. Kisakinishi kikifika kwenye orodha ya programu, ondoa alama kwenye GNOME (eneo-kazi zito), weka kwenye LXQt na "standard system utilities". Ukiiacha GNOME, zaidi ya nusu ya GB 2 itakuwa imeliwa kabla hujafungua kitu. LXQt hukaa karibu na MB 450.

Mfumo ukishawaka, kuna mambo mawili ninayoyafanya kabla ya kumkabidhi mtu mashine. La kwanza: Debian 13 huweka `/tmp`, folda ya mafaili ya muda, ndani ya RAM, hadi nusu ya kumbukumbu yote. Kwenye mashine kubwa hilo ni zuri; kwenye GB 2, faili kubwa likipitia humo mashine inaganda na mtumiaji hajui kwa nini. Irudishe `/tmp` kwenye diski kwa `systemctl mask tmp.mount` kisha uwashe upya. La pili ni zram, yaani sehemu ya RAM inayobana data badala ya kuitupa diskini. Sakinisha `zram-tools`, fungua `/etc/default/zramswap`, weka `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`, kisha `systemctl restart zramswap`. Hakikisha kwa `swapon --show`. Swopu ya kawaida diskini (nafasi ya kupokea data RAM ikijaa) iache ibaki, iwe akiba.

Kwa kweli baada ya hapo wepesi wa mfumo endeshi hauna tena kauli. Kurasa chache za habari ndani ya Firefox hula RAM kuliko LXQt nzima, na sehemu ya mzigo huo ni matangazo. Kwa hiyo uBlock Origin, kizuizi cha matangazo, kwangu ni sehemu ya usakinishaji, siyo nyongeza. Na kama kuna fedha ya kitu kimoja tu, nunua SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya GB 120. Bandari za SATA za OptiPlex 755 ni za 3 Gb/s, lakini faida iko kwenye kusoma vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, si kwenye kasi ya juu. Diski ya zamani ipime kwa `smartctl -A /dev/sda`. Namba ya Current_Pending_Sector (sehemu za diski zilizoshindwa kusomeka) ikiwa si sifuri, usiitegemee tena diski hiyo.

Kasoro inayowachanganya wengi haina uhusiano na mfumo wowote. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa, tarehe imerudi nyuma miaka, basi kila tovuti inalalamikia cheti na `apt`, kisakinishi cha programu, inadai kuwa hifadhi ya programu "is not valid yet". Badilisha betri, rekebisha saa, `hwclock -w`. Nyingine ni Wi-Fi za Broadcom: nyingi zinataka pakeji ya `firmware-b43-installer`, nayo inapakua kutoka intaneti ambayo ndiyo huna. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, mambo yaende.

Vilaptopu vya N270 nilivipa antiX ya biti 32, iliyojengwa juu ya Debian 12, pamoja na swopu ya GB 2. Ikiwa na IceWM (eneo-kazi jepesi sana) hukaa chini ya MB 200. Pentium M za kizazi cha kwanza, zile zinazokataa kuwaka kwa ujumbe unaotaja "pae", ziwekee kerneli isiyo ya PAE (njia ya biti 32 ya kutumia RAM kubwa). Kwenye Debian 12 inaitwa `linux-image-686`.

Lakini vilaptopu hivyo sivitumii tena kama mashine za intaneti. Nimesakinisha `kiwix-tools`, zana za kusoma tovuti nje ya mtandao, kwenye OptiPlex moja, nikaweka faili la ZIM (nakala nzima ya tovuti) la Wikipedia ya Kiswahili na kuendesha `kiwix-serve --port=8080 wikipedia.zim`. Vilaptopu vinasoma kupitia mtandao wa ndani kwa kuandika anwani ya OptiPlex na `:8080`, bila hata bando.