Walabi wa usiku: hatimaye mgongo umeonekana

Sasa ninaweza kuandika bila kusita kwamba walabi, wanyama wa jamii ya kangaruu lakini wadogo zaidi, wanaopita mbele ya kamera yangu ya mtego (hujipiga yenyewe mnyama anapopita), katika kichaka cha akasia za brigalow kusini mwa Queensland, Australia, ni walabi wa mstari mweusi, Notamacropus dorsalis, wala si wale wa shingo nyekundu, Notamacropus rufogriseus, wanaopatikana pia ukanda huo.

Mchana hakuna ubishi. Kilichonikera mno ni picha za usiku, kwa sababu mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, hauonyeshi rangi: wekundu wa ukosi na mabega, ambao ndio alama kuu ya rufogriseus, hugeuka kijivu sawa na mwili mzima, na hata manyoya meusi huweza kufifia. Isitoshe, kamera iliyofungwa usawa wa goti humwona mnyama ubavuni tu, kwa hiyo mstari wa mgongoni haujitokezi kabisa.

Weupe, hata hivyo, haupotei. Dume mmoja alisimama akitafuna, na juu ya paja lake ukaonekana mchirizi mweupe uliolala, mfupi, wenye kingo dhahiri. Rufogriseus hana mchirizi huo. Weupe wake uko kwenye mdomo wa juu. Lakini alama hiyo peke yake haitoshi, maana walabi mwingine, Notamacropus agilis, naye anayo. Ndipo nilipoipandisha kamera juu ya shina na kuiinamisha, na mstari mweusi ukatokea wote, kuanzia kichwani hadi kiunoni. Furaha niliyoipata haielezeki!

Wauzaji husifia megapikseli, ilhali kwa kazi hii pembe ya kamera ina thamani zaidi. Mimweko meupe huleta rangi, lakini siitaki, kwa kuwa huwashtua wanyama ninaotaka warudi.

Nilikuwa nimepanga kuhamia kijitoni kumfuatilia walabi wa kinamasi, Wallabia bicolor, ila mpango huo nimeuweka kando. Dorsalis huruka akiwa ameinamisha kichwa, mikono ameisukuma mbele na kuitanua, na ninataka kujua kama mruko huo pekee unaweza kumtambulisha pale picha inapokuwa na ukungu. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la New South Wales, spishi hii imeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, hivyo kila utambuzi wa uhakika una uzito. Kamera ya pili nimeshaielekeza kwenye njia wanayotokea jioni, nayo itarekodi video.