Nilivyoielewa riwaya ya Ngũgĩ kwa kupanda na kushuka Limuru

Wajuzi wa fasihi waliniambia mandhari ni mapambo, niyaruke nikimbilie dhamira. Ushauri gani huo! Nilimaliza The River Between (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ambayo wengine mmeisoma kama Njia Panda, nikabaki najiuliza Waiyaki, kijana aliyebanwa kati ya vilima viwili vinavyogombana, anahangaika nini, si ahame tu?

Basi nikadandia matatu ya Limuru, kwao Ngũgĩ, nauli mia na ushei. Kwanza nikaulizia mto Honia, unaotenganisha vilima hivyo kitabuni. Mzee wa kwanza alifikiri weee, akanipeleka kwa mwenzake, naye kwa heshima zote akanielekeza kiwanda cha viatu. Nikaachana na mto wa kitabuni, nikajitafutia bonde langu lenye kijito.

Hapo ndipo nilipopata ujanja ambao mpaka leo najivunia. Sura za Joshua, mhubiri wa Kikristo wa kilima cha Makuyu, nilizisomea mgongo mmoja wa kilima. Za Chege wa Kameno, babake Waiyaki na mshika mila, mgongo wa pili. Mhusika akivuka, nami navuka. Muthoni, binti Joshua, alipotoroka kwenda kutahiriwa, niliteremka kwenye utelezi kitabu kikiwa kifuani, nikapanda ng'ambo nikihema. Nikageuka: nguo zilizoanikwa kule nilikotoka naziona moja moja, mtoto akiitwa namsikia, lakini kumfikia ni jasho upya. Watu wanaoonana kutwa hivyo na kukutana majini tu, ugomvi wao utaisha lini? Sura za Waiyaki na mpenzi wake Nyambura, dada yake Muthoni, nilizisomea chini kabisa, miguu topeni. (Vaeni gambuti, raba zangu hazikupona.)

Suala la kuhama nalo likajijibu. Ngũgĩ alizaliwa Kamĩrĩthũ, papo hapo Limuru, mwaka 1938, babake akiishi kwenye ardhi ya mwingine. Mwaka 1955 alirudi likizo ya kwanza kutoka shule ya bweni ya Alliance akakuta kwao kumebomolewa, watu wamehamishiwa kijiji cha hali ya hatari ya wakoloni, enzi za Mau Mau. Mtu aliyeona hayo hawezi kuandika ardhi kama pambo. Na ni Kamĩrĩthũ hiyohiyo aliyoigizia tamthilia yake ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, na wakulima na wafanyakazi mwaka 1977. Mchezo ukapigwa marufuku, Desemba akatiwa kizuizini.

Msiende Julai bila sweta. Mimi sasa naitamani ile barabara ya riwaya yake nyingine, Weep Not, Child, iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano. Nitashuka nayo hadi Mai Mahiu, chini kwenye Bonde la Ufa, ila safari hii kwa gari.