Elfu arobaini na mbili za mzee wa asali

Ilikuwa Jumamosi ya malipo, Tabora mjini, katika ofisi ya chama kimoja cha wafuga nyuki. Mzee mmoja wa upande wa Sikonge alisogea dirishani na stakabadhi iliyokunjwa mara nne: ndoo tatu za lita 20, kilo 84, bei 5,000, jumla 420,000, imelipwa. Asali ina uzito wa karibu kilo 1.4 kwa lita, kwa hiyo kilo 28 kwa ndoo zilikuwa sawa kabisa. Lakini kompyuta ilisema bado anadai 42,000.

"Mjukuu wangu, mimi nilishalipwa," aliniambia. "Hizi zimetoka wapi?"

Zilitoka kwenye jedwali nililolichora mimi. Bei niliiweka mahali pamoja tu, kwenye jedwali la madaraja ya asali, na kila pokezi, yaani kila mzigo uliopokelewa, likawa linaichukua huko. Wiki ile chama kilipandisha bei hadi 5,500. Mhasibu akabadilisha namba moja, na mapokezi ya msimu mzima yakahesabiwa upya, hata yaliyokwisha kulipwa. 84 mara 5,500 ni 462,000. Hesabu ilikuwa sahihi. Muundo ndio uliokuwa na kosa.

Tulikuwa watatu tulioitengeneza kanzidata ile, yaani hifadhi ya kumbukumbu za chama kwenye kompyuta. Mimi, mwenye miezi saba kazini, nilipewa majedwali, aina ya data ya kila safu wima, na ripoti. Kaka mmoja mwenye miaka minne kazini alishika funguo zinazounganisha majedwali, faharasa za kuharakisha utafutaji, na kazi ngumu kuliko zote: kubadilisha muundo wakati data imo ndani. Dada aliyekuwa mkuu wetu ndiye aliyetakiwa kupitisha muundo kabla haujaanza kutumika. Safari ile haukupita mikononi mwake.

Jumatatu alifika kwa basi kutoka Dar. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza kitabu cha stakabadhi kiko wapi. Kompyuta hakuigusa. Aliketi na mpima mizani chini ya mwembe, akauliza: bei mpya inaanza na mzigo uliopimwa leo au utakaolipwa leo? Mwanachama akipoteza laini inakuwaje? Akifariki, mzigo wake analipwa nani?

Kwenye laini ndipo lilipojitokeza kosa la pili. Nilikuwa nimefanya namba ya simu kuwa ufunguo mkuu wa mwanachama, yaani kitambulisho chake, tena katika safu ya namba kamili, kwa hiyo sifuri ya mbele ilikuwa imepotea. Mpimaji akatuonyesha ukurasa wenye wake wenza wawili, mizinga tofauti, simu moja. Kwenye kanzidata walikuwa mtu mmoja. Ufunguo mkuu uwe kitu kisichobadilika wala kushirikiwa: namba ambayo mfumo wenyewe unaitoa. Simu ni maelezo tu, na huandikwa kama maandishi.

Kaka alipinga jambo moja, na hoja yake ilikuwa nzito. Alisema kuandika bei kwenye kila pokezi ni kurudia data, kinyume cha kanuni alizoanza kuzieleza Edgar Codd, mtaalamu aliyebuni kanzidata za majedwali, mwaka 1970. Dada akaweka stakabadhi mbili mezani. Bei ya sasa, alisema, ni habari ya daraja la asali. Bei waliyokubaliana siku ya kupima ni habari ya pokezi lile, na haitegemei kitu kingine chochote. Hizo ni habari mbili, hata siku namba zake zinapofanana. Bado naona hayo ndiyo maelezo bora niliyowahi kuyasikia ya umbo la tatu la kawaida, yaani kanuni kwamba kila safu ieleze kitu cha jedwali lake tu, si kitu kingine.

Safu ya jumla nayo nilikuwa nimeipa aina ya FLOAT, inayohifadhi namba kwa makadirio. Aina hiyo hushika tarakimu kama 7 tu: shilingi 16,777,217 haina nafasi humo, huhifadhiwa kama 16,777,216. Tukahamia DECIMAL, inayoshika kila tarakimu kama ilivyo.

Marekebisho aliyafanya kaka. Tulikuwa tunatumia programu ya kanzidata iitwayo MySQL, ambako amri ya kubadilisha muundo hujithibitisha papo hapo na huwezi kuirudisha. PostgreSQL, programu nyingine ya aina hiyo, ingetuachia nafasi ya kughairi. Kwa hiyo alichukua nakala rudufu, akairudisha kwenye mashine nyingine kuhakikisha inafunguka, ndipo akaongeza safu mpya ya bei ikiwa inaruhusu kubaki tupu. Alitaka kuijaza kwa kufuata tarehe. Dada akakataa, kwa sababu siku bei ilipopanda mizigo minne ilipimwa: miwili asubuhi kwa bei ya zamani, miwili alasiri kwa mpya. Tarehe isingeweza kuitenganisha. Tukajaza kutoka kitabuni, mmoja akisoma, mwingine akiandika, kisha tukalinganisha jumla ya kila ukurasa na ya kompyuta. Kurasa mbili zilitofautiana, tukazirudia. Mwisho kabisa safu ikafungwa isikubali kuachwa tupu.

Stakabadhi ya kwanza kuijaribu ilikuwa ya yule mzee. Salio: 0.

Kabla ya kuondoka dada alinipa kazi ya kuandika sentensi moja mbele ya kila safu, kwa lugha ambayo mpima mizani angeielewa. Ya kwanza niliyomsomea, naye akaikubali, ilikuwa hii: "Bei ya siku ni shilingi kwa kilo kama zilivyoandikwa kwenye stakabadhi wakati wa kupima, haiguswi baada ya malipo."