Doti Mbili za Kaniki

Siku tuliyomzika mama, mtani wetu mmoja alipanda juu ya udongo uliochimbwa, jembe begani, akagoma kushuka mpaka apewe chochote. Ndivyo watani walivyo kwetu Masasi, msiba huwa wao kuliko wenye msiba. Akapewa elfu mbili. Akaishika noti kwa ncha za vidole, akaipepea watu waione.

"Elfu mbili! Kumbe bei imepanda. Bibi yao mkubwa alinunuliwa kwa doti mbili za kaniki."

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka huku machozi yananitoka, maana mtani hakasirikiwi. Mjomba hakucheka. Aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, na siku ile alikuwa amevaa makobazi.

Hiyo ilikuwa 2011. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, korosho zimeshaanza kudondoka, nikasikia kuna wastaafu wachache wanaokutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kufundishana namna ya kutafuta historia za koo zao. Kikundi hakikuwa na jina wala mhuri. Walikodi ukumbi mdogo nyuma ya stendi, ada shilingi elfu moja, na sehemu kubwa ya ada hiyo ilirudi kama chai na mihogo ya kuchemsha. Nisiseme uongo, sikwenda kwa kupenda historia. Nilitaka nipate la kumjibu yule mtani.

Nilikwenda na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika jina langu, juu yake la baba, juu yake la babu, nikachora mistari mitupu kuendelea juu. Tangu darasa la kwanza kila fomu niliyojaza ilitaka majina matatu kwa mpangilio huo, nikaamini ukoo nao ni fomu. Mwalimu aliyekuwa anaongoza, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alilichukua daftari akalitazama.

"Wewe kabila gani, mwanangu?"

"Kwa mama Myao, kwa baba Mmwera."

"Basi kote unakotoka mtoto ni wa upande wa mama. Daftari hili umelishika kichwa chini."

Akanirudishia, akaendelea na mazungumzo yake. Nimehudhuria semina nyingi kazini, za posho na zisizo na posho, lakini saa mbili zile sijazisahau. Alisema tuanze na walio hai, na tuanze na wazee kabla ya karatasi, kwa sababu karatasi itakusubiri. Akasema mzee usimuulize mwaka. Ukimuuliza mwaka atakupa wowote ili akuridhishe, halafu utauandika kwa wino na wajukuu zako watauamini. Muulize tufani iliyopiga Lindi ilimkuta wapi, kisha wewe mwenyewe ndiye utaandika Aprili 1952. Muulize kama alikuwa ameshachezwa Wazungu wa mradi wa karanga walipokuja kufyeka pori la Nachingwea, hapo utajua uko 1947 au mbele kidogo. Muulize tulipohamishiwa vijijini alikuwa na watoto wangapi mgongoni na wangapi wanatembea. Mzee mmoja nyuma akasema yeye baba yake alikuwa akihesabu kuanzia Vita ya Mjerumani, alipobeba mizigo mpaka Mahiwa. Mwalimu akaandika ubaoni: mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917. "Umeona? Umeshatupa mwezi."

Halafu akaja kwenye majina, na hapo ndipo penye utamu. Alimtafuta babu yake kwenye kitabu cha ubatizo kwa miaka miwili asimpate. Ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wa padri wa zamani, wino umegeuka rangi ya kutu. Kumbe babu alikuwemo siku zote. Alibatizwa akiwa mdogo, na padri aliandika jina la nyumbani alilotajiwa na mama mtu. Baadaye mtoto akaingia jandoni, kwenye lupanda, akatoka na jina jingine, na lile la kwanza likazikwa. Kumwita Myao mtu mzima kwa jina lake la kabla ya jando ni kumtukana, kwa hiyo hakuna mtoto wala mjukuu aliyelijua. Alilipata kwa bibi mmoja kipofu aliyecheza na huyo babu utotoni, na bibi mwenyewe alilitaja kwa kunong'ona, akacheka kama msichana.

Mwisho alisema jambo lililofanya ukumbi ukae kimya. Misheni ya Masasi, alisema, ilianza mwaka 1876, Askofu Steere alipofika kutoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wanaelekea Nyasa, wakafika chini ya milima yetu hii, baadhi wakasema hapa panafanana na kwao, wakabaki. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, wakawavamia, wakaua na kuteka. Na utumwa wenyewe haukufutwa rasmi Tanganyika mpaka 1922. "Ishirini na mbili," akarudia. "Kwa hiyo msidhani ni hadithi za Waarabu na majahazi. Humu ukumbini kuna wajukuu wa waliouzwa, na kuna wajukuu wa waliouza. Wengi wenu ni wote wawili."

Nikakumbuka kaniki. Nikakumbuka na makobazi ya Mjomba. Lakini ni kama nilikumbuka kwa mbali tu. Kichwa changu kilikuwa kwenye mchoro.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kuchora ukoo kwenye karatasi ya manila: duara kwa mwanamke, pembetatu kwa mwanamume, na kitu ambacho sijaona kwa mwingine yeyote, kamshale kadogo kuonyesha nani alihama walipooana. Kwa Wayao wa zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Alilima huko, alizaa huko, na watoto wakawa wa mbumba, yaani mama na dada zake na watoto wao, chini ya ulinzi wa kaka mtu, huyo mjomba. Kwa hiyo mishale yote ilitakiwa ielekee kwenye duara.

Mwezi mzima nilikuwa nazunguka. Jioni baada ya kazi, Jumapili baada ya misa, mfukoni simu ya kurekodia na pipi kwa ajili ya wajukuu wa wazee, kwa sababu mtoto akilia mzee anapoteza uzi. Makaburi yalinipa mengi kuliko nilivyotarajia: nani kalala jirani na nani. Nilifika vizazi vitano upande wa mama, nikajiona bingwa. Na kwa kujiona bingwa, Jumamosi ya mkutano wa pili nikamchukua Mjomba twende naye ukumbini. Alivaa koti. Nikampa kiti cha mbele.

Nilibandika manila yangu ukutani, nikaanza kueleza. Mama, hapa. Bibi, hapa. Mama yake bibi, hapa. Mshale, mshale, mshale. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni anafuatisha kwa kidole, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole kikapanda hadi duara la juu kabisa, kikasimama.

"Hapa mume hakuhama?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeuchora mshale ule kwa mkono wangu mwenyewe. Wazee wawili walikuwa wameniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba bibi yule aliishi kwa mumewe, na kwamba wanawe walihesabiwa kwenye mbumba ya dada za mume. Niliandika kama nilivyoambiwa. Sikuona chochote. Watoto kuwa wa upande wa baba, katika ukoo wa Kiyao, kizazi kimoja tu halafu mambo yanarudi kwa mama kama kawaida. Mwanamke asiye na kaka wa kumdai, asiye na dada, asiye na kwao.

Hakuna aliyesema kitu. Waliokuwa wameelewa walitazama chini. Kiti cha plastiki kikakwaruza sakafu, Mjomba akainuka, akachukua kofia yake, akatoka. Mwalimu akabandua manila taratibu, akaikunja, akasema chai iko tayari. Baadaye aliniomba radhi, akasema swali lile lilikuwa la kuulizwa pembeni, amefundisha miaka mingi na bado mdomo unamtangulia. Mimi nadhani kosa lilikuwa langu. Yeye aliuliza kuhusu mshale. Mimi ndiye niliyempeleka mzee akae kiti cha mbele.

Jioni nilimkuta Mjomba barazani. Nikamwamkia, akaitikia, akanyamaza. Nikasema nisamehe Mjomba, sikujua. Akakaa muda mrefu anavunja vijiti.

"Mpwa wangu, hapa kijijini mashauri ya mashamba nani anaitwa?"

"Wewe, Mjomba."

"Nikikaa nikamwambia mtu huu mkorosho si wako, wazee wako hawakuanza hapa, atanijibu nini kuanzia leo?"

Sikuwa na jibu. Kwenye ukumbi ule tulikuwa tumezungumza habari za makaburi, vitabu vya ubatizo, na Mjerumani Karl Weule aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akirekodi nyimbo za wazee wetu kwenye mitungi ya nta. Hakuna aliyetaja mikorosho. Mikorosho ndiyo ada ya shule kwetu, ndiyo bati, ndiyo mahari. Niliposhika njia kuondoka akaniita.

"Nenda kwa bibi yako mdogo. Nenda peke yako. Na hayo makaratasi uyaache."

Bibi mdogo, aliye dada wa bibi mzaa mama, alikuwa anaishi upande wa mlima Mtandi, umri kwa hesabu ya tufani na karanga unapita themanini. Nilimkuta anachambua ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, kaa, shika hii." Nikapewa ungo, nikaanza kusugua udongo. Simu akaiona mfukoni kabla sijaigusa, akaniambia nikaiweke ndani juu ya kitanda.

Hakuanza na utumwa. Alianza na kamba. Alisema bibi yake, mama wa mama yake, alimwona kwa macho mpaka meno yake ya mbele yalipong'oka, na kwamba ndani ya nyumba ya yule bibi hapakuwa na kamba. Mbuzi walifugwa kwa jirani. Kuni alizibeba mikononi bila kuzifunga, kwa hiyo alikwenda porini mara mbili pale wenzake walipokwenda mara moja. Watoto wakimletea ugwe wa kuchezea anautupa motoni, hasemi neno.

Alichukuliwa msichana, upande wa Ziwa Nyasa. Msafara ulikuwa unashuka pwani. Alipofika huku mguu ulikuwa umevimba, hawezi kukanyaga, na asiyeweza kutembea aliachwa njiani au alifanyiwa vibaya zaidi. Mzee mmoja wa hapa akawaambia wenye msafara, huyo niachieni. Akampa mpwa wake awe mke. "Mguu ndio uliomweka," Bibi alisema, akanyoosha wa kwake akautazama. Dada za mume wakamcheza chiputu, unyago wa Kiyao, kama binti yao, wakampa jina, na kwa jina hilo akafa. Watoto wakawa wao. Binti zake walipozaa, watu wakaanza tena kuhesabu kwa mama, na wajukuu wakaambiwa sisi ni wa hapahapa.

"Mtani anasema doti mbili," nikasema.

"Mtani anapunguza. Zilikuwa tatu, na jembe."

Nikamuuliza kuhusu jina la kwanza, la huko alikotoka. Bibi akaosha mikono, akajifuta kwenye kanga. Akasema aliwaambia binti zake, binti zake wakawaambia wao, na wanalitaja mwisho kabisa wakati wa kumwaga unga kuwaomba waliotangulia, kwa sauti ya chini, wanaume wakidhani wanamalizia kuomba. Mjomba wako halijui. Akalitaja. Nikalirudia, akasema hapana. Halikuwa jina la Kiyao, lina sauti katikati ambayo ulimi wangu ulikuwa unaipindisha. Nikarudia. Hapana. Mara ya nne akasema haya. Nikamuuliza kama naweza kuliandika.

"Usiandike. Umeshaweza kulisema."

Kwa hiyo hata hapa silitaji. Kwenye manila, ambayo mwalimu alinirudishia, duara la juu liko tupu, na mshale uko palepale.

Mjomba hakurudi ukumbini. Hatukulizungumza tena, ila nilimsikia kwa watu kwamba alikwenda kwa Bibi mdogo yeye mwenyewe, asubuhi na mapema, akashinda huko mpaka jioni. Mikorosho haikuguswa na mtu.

Mwaka 2014 tukampoteza mke wa Mjomba. Mtani akaja, jembe lilelile, akapanda udongo, akadai chake, na alipopewa akainua noti watu waione. Doti mbili za kaniki, akaanza. Watu walikuwa tayari kucheka. Mjomba alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa chini, macho mekundu kwa kulia, na alijibu bila kuinua kichwa.

"Tatu. Na jembe."

Mtani alifungua mdomo, akaufunga. Akalishusha lile jembe begani, akawa analitazama.