Diski ya kwaya: baiti 61,440 zilizobaki

Imekubali. ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, inasoma 99.99%, na kwenye diski nzima ya GB 500 kilichokataa kusomeka ni baiti 61,440 tu. Hizo ni sekta 15 (vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa) za baiti 4096. Nimefurahi kupita kiasi, na wanaojua diski iliyoanza kugonga watanielewa.

Kwa waliokosa mwanzo wa mradi huu: laptopu ni ThinkPad T450 ya mwalimu wa kwaya mtaani kwetu Umoja. Ndani yake mna rekodi zote za kwaya, kila sauti na faili yake: soprano, alto, tenor, besi. Ni WAV (faili za sauti zisizobanwa) za biti 24, sampuli 44,100 kwa sekunde. Wengine walioimba humo wameshahama Nairobi, kwa hiyo hakuna kurudi studio. Laptopu ilikuwa inachukua dakika nyingi kuwaka, kisha inaganda kila Mwalimu akifungua wimbo. Mpango wangu ulikuwa kuweka SSD (diski isiyozunguka), kuongeza RAM hadi GB 16, kusafisha feni na kumwekea Linux Mint, maana Windows 10 ilikoma kupata msaada tarehe 14 Oktoba 2025 na T450 haimo kwenye orodha ya Windows 11. Katika hayo yote nimemaliza la kwanza tu, na sababu mtaiona.

smartctl, programu inayosoma ripoti ya afya ya diski, ilieleza hali mara moja. Namba 5, sekta ambazo diski imeshazibadilisha, ilikuwa imeanza kupanda. Namba 197, sekta zinazosubiri hukumu, ilikuwa inapanda kila nilipoangalia. Namba 199, makosa ya mawasiliano, ilikuwa sifuri, kwa hiyo kebo haina kosa. Diski yenyewe ndiyo inakufa. Kabla ya kuniletea, Mwalimu alikuwa ameambiwa na fundi mmoja huko tao kwamba "ifomatiwe tu, itapona." Ushauri huu unanikera sana. Sekta isiyosomeka haibadilishwi na diski mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Ukifomati na kuandika upya, namba 197 inashuka, diski inaonekana imepona, na kilichokuwa pale kimekwenda. Mteja analipa, anashukuru, halafu nyimbo zake hazipo. Afadhali fundi aseme hawezi.

Kununua SSD sitakuchosheni nako. Nilizunguka Luthuli Avenue nikachukua ya GB 512, si ya GB 480, na hili nalisisitiza kwa yeyote anayenakili diski ya GB 500 nzima nzima. Diski ya 500 ina sekta 976,773,168 (hapa zinahesabiwa kwa baiti 512, si 4096). SSD ya 480 ina 937,703,088. Haitoshei, ni pungufu kwa takriban baiti bilioni 20, na utalazimika kupunguza patisheni kwenye diski ambayo haifai hata kuguswa. Ya 512 inaimeza ikabakiza. Nilipofika nyumbani niliipitisha kwenye f3probe, kipimo cha ukubwa halisi, kabla ya kitu kingine, kwa sababu SSD zinazodanganya ukubwa zipo sokoni na boksi haliwezi kukuambia. Hii ilikuwa halali.

Sasa tuje kwenye kilichonitesa.

Nilianza kama kila mtu anavyoanza: diski mgonjwa nje kwenye adapta ya USB, laptopu yangu ikisoma, imeji (nakala kamili ya diski) ikienda kwenye diski yangu ya nje ya TB 1. MB 90 kwa sekunde, safi kabisa, GB 100, GB 200. Ikifika karibu na GB 212, diski inatoa mlio, tk, tk, kasi inaporomoka hadi baiti chache, halafu adapta inajizima na kujiwasha. Diski ambayo Linux iliiita sdb inarudi ikiitwa sdc. ddrescue haijui hilo. Inaendelea kuuliza sdb ambayo haipo, inajibiwa kosa kwa kila swali, na kwa kasi ya ajabu inaandika kwenye faili ya ramani (orodha yake ya sehemu zilizosomeka na zilizokataa) kwamba GB zote zilizobaki ni mbovu. Ramani nzima imechafuka, na sekta hizo hazijaguswa hata kidogo.

Ramani iliyochafuka ina tiba: -A inarudisha maeneo yasiyokamilika kuwa hayajajaribiwa, -M ikiwekwa pamoja nayo inafanya hivyo kwa yaliyohukumiwa kuwa mabovu. Nikatumia pia jina la kudumu la /dev/disk/by-id badala ya sdb. Lakini ukirudi GB 212, adapta inaanguka tena. Nilibadilisha kebo. Nilibadilisha adapta. Nilizima uas (njia ya kasi ya USB ya kuongea na diski) na kuacha usb-storage ya kawaida. Mahali ni palepale, matokeo ni yaleyale. Usiku mmoja nilikaa nikitazama ile namba ya ipos (mahali ddrescue ilipofika) imesimama, nikajikuta nasikiliza diski kama daktari mwenye kifaa chake cha kifuani.

Mwishowe kilichofungua njia ni kuiondoa USB katikati. Adapta hizi zimetengenezwa kwa diski isiyo na ubovu. Diski ikikaa kimya muda mrefu ikijaribu kusoma sekta moja, chipu ya adapta huchoka kusubiri, na ikichoka inaangusha kila kitu. SATA ya moja kwa moja, plagi ya diski iliyo ndani ya kompyuta, ina subira zaidi: kerneli (kiini cha Linux) husubiri sekunde 30, inaipiga diski kikumbusho, diski inarudi na jina lake lilelile. Kwa hiyo nilifanya kinyume. Diski mgonjwa nikairudisha ndani ya T450 mahali pake, nikawasha kwa flashi ya SystemRescue (Linux ya uokoaji) kupitia F12, na diski yangu ya TB 1 isiyo na ubovu ndiyo ikakaa nje kwenye USB. Kama una diski mbovu, tafadhali anza hapa. Mgonjwa akae kwenye SATA, mzima ndiye akae nje.

La pili ni mpangilio. Niliacha kumsukuma mgonjwa apite kwenye kidonda. Niliruka kwa -i220GB na kusoma kila kitu kilichoko mbele mpaka mwisho wa diski. Hapakuwa na kosa hata moja. Ikabaki ile kanda ya kati ya 212 na 220. Hiyo niliisoma kinyumenyume kwa -R, kutoka 220 kushuka. Diski ikisomwa kwenda mbele huwa inasoma na sekta zinazofuata kabla hazijaombwa, na kila ikifanya hivyo inajikwaa kwenye ubovu ambao hata hujauhitaji bado. Ukirudi nyuma tabia hiyo haina nafasi. GB 8 hizo zilichukua muda mrefu kuliko zile karibu 490 nyingine zote, lakini namba ilikuwa inasogea, na jina la diski halikubadilika hata mara moja.

Stima ilipotea katikati, bila shaka. Hapo ndipo ninapoipenda T450: ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na diski za inchi 2.5 zinakula volti 5 za USB tu, hazitaki umeme wa ukutani. Mtaa mzima giza, ddrescue inaendelea. Na hata ingezimika, faili ya ramani ilikuwa kwenye flashi nyingine, kazi ingeendelea ilipoachia. Ndiyo maana nasema hakuna programu ya kunakili inayoikaribia ddrescue kwa diski mbovu. Clonezilla ni nzuri, naitumia kwa diski zisizo na ubovu kila mara, lakini ikikutana na sekta mbovu inasimama isipokuwa umeiambia isisimame, na haikumbuki chochote baada ya hapo. CrystalDiskInfo, programu ya Windows ya kuangalia afya ya diski, nayo inakuonyesha rangi ya njano na namba za heksadesimali. Haitoshi kufanyia uamuzi.

Neno moja kuhusu friji. Kuna watu bado wanashauri diski iwekwe kwenye friza. Msifanye. Ukiitoa, unyevu unaganda juu ya sahani, na kichwa cha kusomea kinapita juu ya maji. Ubaridi wa kawaida unatosha. Niliuacha mfuniko wa chini wazi, nikaelekeza feni ndogo, na usiku wa Julai hapa Nairobi ukafanya kazi yake. Niliona wazi kwamba sekta kadhaa zilizokataa mchana zilikubali alfajiri. Marudio ya -r (kujaribu tena sekta mbovu) yakaila ile orodha ya ubovu polepole hadi ikabaki baiti 61,440, na hapo ikagoma kabisa.

Hapa mpango wa RAM na feni ulipaswa kuendelea. Lakini swali lilinishika: sekta hizo 15 ni za faili gani? Zikiwa kwenye taka za Windows sina habari nazo. Zikiwa katikati ya sauti ya mtu, nataka kujua ni sekunde ipi.

ddrescue ina uwezo ambao watu wengi hawautumii, wa kujaza. Unaipa maneno, na kwa kufuata ramani inayaandika mahali palipokosa kusomeka tu. Kwanza nilimimina imeji yote kwenye SSD, ambayo sasa ilikuwa ndani ya T450. Nilitaka kutengeneza nakala ya pili ya imeji kwa ajili ya majaribio, lakini diski ya TB 1 ina baiti 1,000,204,886,016 na imeji mbili zinataka 1,000,215,724,032. Megabaiti 11 hivi zilikosekana! Basi SSD yenyewe ikawa nakala ya majaribio, kwa kuwa ikiharibika naimimina upya.

Nikaandika BAD-SECTOR kwenye faili ndogo, nikayajaza maneno hayo kwenye SSD kwa --fill-mode=-, nikafungua patisheni ya NTFS (ya Windows) kwa kusoma tu, halafu nikayatafuta kwa grep -rl kwenye kila kitu. Kwenye SSD inapita haraka. Kwenye diski ya zamani ningelala nikaamka. Sekta 9 zilikuwa ndani ya pagefile.sys, faili ya kumbukumbu ya muda ambayo Windows inaitengeneza upya yenyewe. Sekta 3 hazikuonekana kwenye faili yoyote, ni nafasi tupu. Zilizobaki 3 zilikuwa kwenye WAV: moja kwenye besi, mbili zinazofuatana kwenye tenor ya wimbo mmoja.

Baada ya hapo grep -abo ikanipa baiti yenyewe: 19,050,496 kwenye faili ya tenor. Sauti moja ya biti 24 kwa sampuli 44,100 hula baiti 132,300 kwa sekunde. Gawanya, unapata karibu kabisa na sekunde ya 144, dakika 2 na sekunde 24. Sekta mbili ni milisekunde 62. Nikajaza tena sehemu hizo kwa sifuri kutoka /dev/zero, nikafungua faili kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), nikasogea hadi 2:24, na pale pale, katikati ya "Aleluya" iliyovutwa, mstari ulikuwa bapa. Nilipiga kelele nyumbani hadi jirani akagonga ukuta.

Zana ya Repair ya Audacity haifai hapa. Mwisho wake ni sampuli 128 na pengo hili lina zaidi ya 2,700. Lakini "a" iliyovutwa ni mawimbi yanayojirudia. Nilichukua kipande cha "a" hiyohiyo kilichotangulia pengo, nikakikata pale wimbi linapovuka sifuri likipanda, pande zote mbili, ili mizunguko iwe kamili, nikakipandikiza na kukififisha kidogo kingoni. Kilichochukua muda ni urefu: ukizidisha nusu mzunguko unasikia kama kikohozi. Ulipokaa, haukusikika tena. Ya besi ilikuwa rahisi zaidi, imeangukia pumziko kati ya beti mbili, kwa hiyo niliweka tu mvumo wa chumba kutoka sekunde iliyotangulia.

Mengine yalikuwa mepesi. sgdisk -e kupeleka nakala ya jedwali la patisheni (GPT) mwisho wa diski mpya, chkdsk (kikaguzi cha Windows) kwenye SSD, kamwe si kwenye diski ya zamani, na Windows ikawaka kwa sekunde chache. Mwalimu alikuja na visikilizi vyake mwenyewe. Nilimwambia wimbo upi, sikumwambia sekunde ipi. Alisikiliza mara mbili, macho yamefumba, akauliza, "Sasa hiyo shida iko wapi, kijana wangu?" Nikamwonyesha kwenye skrini. Akasikiliza tena kutoka 2:20 na bado hakuipata.

RAM bado iko kwenye pakiti yake na feni bado ina vumbi. Linux Mint itasubiri mpaka tujaribu Ardour (programu ya kurekodi na kuhariri muziki) na miradi ya zamani ya Mwalimu. Kwa sasa imeji imebaki kwenye diski yangu ya TB 1, folda ya nyimbo imenakiliwa kwenye diski ya pili ambayo katibu wa kwaya ameichukua kwake, na ile diski ya zamani nimeifunga kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, nimeandika juu yake kwa kalamu nene: ISIFOMATIWE.