Nilivyompata tandala mdogo kwenye picha (na kuhusu yale mavi ya tembo)

Kuna jamaa anajiita mtaalamu aliniambia ukitaka mnyama akusogelee jipake mavi ya tembo mabichi. Mimi nimekuwa traka, mfuata nyayo za wanyama, vitalu vya uwindaji vya Rungwa miaka kibao kabla sijahamia huku Tungamalenga, kijiji jirani na hifadhi ya Ruaha, lakini mtu kakuzidi umri utafanyaje, nikajipaka, kuanzia buti hadi kofia, nikalala kichakani karibu na dimbwi. Tandala mdogo (ni aina ya swala, si mtoto wa tandala) hakuonekana. Walikuja inzi, wakafuata mbung'o, halafu tembo jike na mwanae, jike akanyoosha mkonga kwangu ananusa wee, nadhani anajiuliza huyu ni wa ukoo gani. Nimetoka pale natambaa. Nyumbani mke wangu akaniwekea ugali nje ya mlango.

Dawa ni majivu jamani. Tia majivu kwenye soksi kuukuu, funga, ukitikisa unaona upepo unaelekea wapi. PH wangu, yaani mwindaji bingwa anayeongoza wageni, hakutoka kambini bila hako kasoksi. Upepo ukigeuka ukampelekea mnyama harufu yako ondoka, hakuna mjadala.

Na usizunguke. Mto Ruaha Mkuu unakatika maji kiangazi tangu 1993, inauma, ila Oktoba wanyama wengi wanakuja kwenye madimbwi yaliyobaki, basi we kaa. Nipo eneo la MBOMIPA, jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori, na askari wa kijiji pembeni, msije mkaingia porini kichwa kichwa. Nguo za bluu na nyeusi acha, mbung'o wanazipenda mno.

Shida nyingine mlio. Bunduki ikilia kazi imeisha, kamera ikilia ndo kwanza unaanza, na tandala mdogo akisikia "kle" tu hayupo. Nikaizungushia kanga ya mke wangu, ikabaki lenzi tu inachungulia. Yule Mjerumani Schillings mwanzoni mwa miaka ya 1900 alipiga picha wanyama usiku huku kwetu kwa mwako wa magnesiamu, msururu wa wapagazi nyuma yake. Mimi nina pikipiki na kamera ya mtumba ya Kariakoo, milioni mbili na kitu, mke anajua laki nane.

Mwishowe picha nikaipata: dume katulia, pembe zile za kujisokota, mistari myeupe mbavuni yote unaihesabu. Lodji moja wameinunua, wamelipa nusu, nusu ya pili naambiwa bosi kasafiri.