Hizo linki za katoni za bei chee kutoka nje, naomba tuongee

Wabongo wa New York na ndugu zetu Wakenya mliopo huku, zile linki zimeanza tena kuzunguka kwenye magrupu, katoni ya Marlboro dola 40, inatoka Ulaya Mashariki inakufikia mpaka mlangoni, na watu mnaulizana nani kashajaribu. Mimi nipo nyuma ya kaunta ya duka la kona hapa Bronx, sigara nauza kila siku, na bei inavyouma naijua maana nawaona watu wazima wanavyohesabu chenji mbele yangu. Kwa hiyo simshangai anayetafuta nafuu. Ila hii nafuu naiogopa, na naiogopa kwa ajili yenu.

Kwanza tuelewane bei inatoka wapi. Pakiti ya sigara 20 hapa jijini, serikali kuu inachukua dola 1.01, jimbo linachukua 5.35 tangu Septemba 2023, jiji nalo linaongeza 1.50. Hiyo ni 7.86 kabla kiwanda hakijapata chake wala msambazaji wala mwenye duka, na juu ya hapo tangu 2018 jiji lilipiga marufuku kuuza pakiti chini ya dola 13. Nenda Missouri, kodi ya jimbo ni senti 17 tu. Sasa katoni ina pakiti 10, piga hesabu, kodi peke yake ni dola 78.60. Anayekuuzia katoni nzima kwa 40 hajalipa hiyo kodi na hana mpango wa kuilipa, na siku mambo yakiharibika jina lililoandikwa kwenye mzigo ni lako.

Najua kuna watakaosema mbona zamani watu waliagiza vizuri tu. Kweli waliagiza. Miaka ya 2000 mwanzoni kulikuwa na websaiti nyingi, Yesmoke ilikuwa Uswisi, wengine walikuwa Ukraine, wengine humu humu Marekani kwenye ardhi za Wahindi Wekundu kama Waseneca, unalipa na kadi mzigo unakuja. Lakini ile njia ilizibwa. 2005 kampuni kubwa za kadi zilikubali kutopitisha tena malipo ya sigara za mtandaoni, kampuni za kusafirisha mizigo DHL na UPS wakakataa kubeba, FedEx naye akafuata. Ikabaki posta. Halafu Obama akasaini sheria inaitwa PACT Act Machi 2010, na tangu Juni 29 mwaka ule posta ya Marekani haipokei sigara za biashara kumpelekea mvutaji nyumbani, zinazotoka nje ya nchi zikiwemo. Mwisho wa 2020 wakaongeza na vepu, yaani sigara za umeme.

Ndio maana hawa wa sasa hawataki kadi. Wanataka Zelle (ile ya kutumiana hela benki kwa benki), bitcoin, au ununue gift kadi umtumie namba, na kwenye boksi wanaandika zawadi au chai. Sasa jiulize, ukishatuma hela kwa bitcoin na mzigo ukashikwa na watu wa forodha pale uwanja wa ndege wa JFK, utamlalamikia nani? Polisi? Benki? Muuzaji anajua kabisa huwezi kwenda popote kulalamika kuhusu kitu ambacho hakikutakiwa kutumwa, na hapo ndipo biashara yake ilipo, hata asipotuma chochote hana wasiwasi.

Na msidhani mnunuzi haonekani. Kuna sheria ya 1949, Jenkins Act, inamtaka anayeuza sigara kuvuka mpaka wa jimbo apeleke majina ya wateja kwa watu wa kodi wa jimbo lao, na jiji hili lilishawahi kuzitumia rekodi za wauzaji wa mtandaoni kuwaandikia barua wavutaji wa kawaida, lipa kodi ya katoni ulizoagiza. Watu walikuwa wameshazivuta zikaisha zamani!

Kinachoniuma zaidi ni wale wanaoanza kuagizia na wenzao. Leo katoni zako mbili, kesho za jamaa wa kazini, mara unazo chumba kizima unauza kwa faida ya dola mbili tatu. Sheria ya serikali kuu inahesabu kuanzia sigara 10,000 zisizo na stempu ya kodi ya jimbo, yaani katoni 50, hapo ni kosa kubwa la jinai la kufungwa jela. Wengi wetu tuna green card au bado tunasubiri karatasi. Kesi ya magendo kwenye faili lako uende nayo kwenye intavyu ya uraia, kweli? Na hata hizo kidogo kidogo mtaani sio mchezo, Eric Garner kule Staten Island Julai 2014 polisi walimvamia wakimshuku anauza sigara moja moja zisizo na stempu, akazimia pale pale barabarani na akafa. Baba wa watoto sita.

Na tusisahau moto. Tangu 2004 sigara inayouzwa New York lazima iwe imetengenezwa kujizima yenyewe ukiiacha bila kuvuta, sisi ndio tulikuwa jimbo la kwanza. Hiyo ya magendo haina anayeipima, inaweza ikaendelea kuungua juu ya kochi, na tunavyoishi huku familia juu ya familia kwenye apatimenti moja, naomba mlifikirie hilo.

Siitetei kodi, inamkamua zaidi mwenye kipato kidogo na mimi naiona ikimkamua kila siku. Ila anayetaka kupumzika na hiyo bei, jimbo lina huduma ya simu ya kukusaidia kuacha sigara, New York State Quitline, unapiga wanaongea na wewe na plasta za nikotini za kuanzia wanatuma bure, na nyie mnaopita dukani hata kama hamnunui nikumbusheni niwape namba.

Na mnaoniuliza kuhusu ndugu anayekuja kutoka Dar, akibeba mwenyewe kwenye begi sigara 200 yaani katoni moja kwa matumizi yake, forodha inaruhusu. Akikuposti, hapana, hata iwe pakiti moja.